Sura ya Saba: Bustani Inayokunywa Usiku

Oktoba 2022 mto Ruvu ulipungua na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji. Kwetu, pembeni mwa jiji, bomba lilikoroma upepo siku nzima, na lilipotoa maji lilitoa usiku wa manane kwa saa mbili. Nilizima taima ya bustani siku ile ile mgao ulipoanza. Tukawa tunanunua maji ya boza, tunayajaza kwenye simtanki la lita 5,000 na kuyatumia kwa hesabu: haya ya kupikia, haya ya kufulia, na ya choo ni yale yaliyokwisha kufulia. Ukoka ukaanza kugeuka rangi ya mabua ya mpunga. Sikuhofu sana, kwa sababu ukoka hulala lakini haufi upesi. Mvua za vuli zikishuka huamka.

Ila ukanda mmoja haukulala. Kando ya ukuta wa mashariki, upana wa mkeka mmoja na urefu wa mikeka miwili, majani yalibaki kijani kibichi na yamenona. Nilipita hapo kila siku nikidhani ni kivuli cha ukuta. Aliyenifumbua macho ni mama mkwe wangu, ambaye alikuja kukaa nasi wiki ile na kulala chumba cha nyuma, karibu na pampu. Asubuhi ya tatu, tukinywa chai, akaniuliza kwa upole:

"Baba Neema, nani huoga saa nane za usiku?"

"Hakuna mtu, mama."

"Basi mashine yenu inampelekea nani maji? Inawaka, inazima. Robo saa haipiti, inawaka tena."

Sura hii yote ni jibu la swali lake.

Wengi wetu hupima mvujo kwa macho: tundu likiwa dogo, hasara ndogo. Hapo ndipo tunapokosea. Mvujo una vipimo vitatu: upana wa tundu, presha inayousukuma, na saa ambazo presha hiyo inakaa bombani. Hicho cha tatu ndicho kinachomaliza maji. Chukua tundu la milimita moja, la kupitisha sindano. Bomba likiwa na presha ya baa 3, yaani msukumo wa maji yaliyosimama kwenda juu mita 30, tundu hilo hutoa karibu lita 0.7 kwa dakika. Ukiliona utasema si kitu. Lakini siku ina dakika 1,440, na ifikapo kesho saa kama hii limetoa lita 1,000. Tundu likiwa na upana wa milimita mbili, nafasi ya kupitia maji inakuwa mara nne, na hasara nayo mara nne.

Sasa linganisha na bustani yenyewe. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ukoka wa mita za mraba 200, ukiupa milimita 25 kwa wiki, unakunywa lita 5,000 na kubaki kijani. Tundu la sindano linakunywa 7,000 katika wiki hiyo hiyo, tena bila kulisha chochote isipokuwa kipande cha ardhi upana wa mkeka.

Lakini tundu lile lile, bomba lile lile, kama lingepewa presha nusu saa tu kwa siku wakati wa kumwagilia, lingemwaga lita 21. Ndoo moja. Kati ya ndoo moja na simtanki zima la lita 1,000 hakuna tofauti yoyote ya ufundi wala ya ubora wa bomba. Tofauti ni kwamba mtu mmoja alifunga koki na mwingine hakuifunga.

Ndiyo maana, kabla sijasema lolote kuhusu gundi na viungo, nasema hivi: weka koki ya mpini kwenye mdomo wa bomba la bustani, pale linapoachana na bomba la nyumba, na uifunge kila umwagiliaji unapokwisha. Mifumo mingi niliyoiona Dar haina koki hiyo. Bomba kuu la bustani limeungwa moja kwa moja na pampu ya nyumba, valvu za umeme ziko mbali huko kwenye kisanduku chake, na kipande chote cha kati kinakaa na presha saa 24, siku 365. Mwenye nyumba anaamini kwamba taima ikizimwa bustani imefungwa. Taima hufunga valvu tu. Kilicho nyuma ya valvu kinaendelea kusukumwa usiku kucha, na mimi nilinunua maji ya boza wiki tatu kwa ajili ya kipande hicho.

Kuvuja kwa pakacha, wanasema wahenga, nafuu kwa mchukuzi. Kwenye bomba mchukuzi ni pampu, na yeye hapati nafuu yoyote. Kila presha inaposhuka huamshwa, hujaza, huzima, huamshwa tena, na mota huumia zaidi katika kuwaka kuliko katika kukimbia. Pampu inayowaka peke yake nyumba imelala ndiyo dalili ya kwanza na ya hakika kuliko zote, na huhitaji kifaa chochote kuisikia. Kaa karibu nayo usiku mmoja.

Baada ya kusikia, pima. Usiku ule saa nne, kila mtu alipokwisha kuoga, nilifunga koki ya boya ili maji ya mgao yakija yasiharibu hesabu. Nikazamisha ndani ya tangi ufito safi, mkavu, nikaweka alama pale ulipolowa. Saa kumi na mbili asubuhi nikazamisha tena. Maji yalikuwa yameshuka sentimita 17. Tangi letu lina kipenyo cha mita 1.8, kwa hiyo kila sentimita moja ya kina ni lita 25 hivi. Lita 425 zilikuwa zimeondoka katika saa nane.

Kipimo hicho hakisemi nani mwizi. Katika nyumba nyingi mtuhumiwa wa kwanza ni choo: mpira wa ndani ya kisanduku cha kuvutia maji ukichakaa, maji huteremka kimya kwenye bakuli na hakuna anayeyaona. Kwa hiyo usiku wa pili nilirudia zoezi lile lile, safari hii nikiwa nimefunga kabisa njia ya bustani. Nilikuwa sina koki ya mpini, nikaazima ya jirani na kuifunga kwa muda. Asubuhi ufito ulilowa mpaka kwenye alama ile ile. Choo hakikuwa na hatia.

Anayetumia maji ya mamlaka moja kwa moja bila tangi atatumia mita. Kwenye uso wa mita nyingi kuna kinyota au pembetatu ndogo inayozunguka hata maji yakipita kidogo sana. Funga kila bomba la nyumba, simama, uitazame. Usifanye hivyo saa maji yanaporudi baada ya kukatika, kwa sababu upepo uliomo bombani huizungusha mita nao, na utachimba bure.

Ukishajua kwamba ni bustani, usikimbilie sururu. Fikiri kwanza, maana kufikiri hakuchimbui majani. Kwangu taima ilikuwa imezimwa na valvu zote nne zimefunga, na bado maji yalikuwa yanaondoka. Mabomba yaliyo mbele ya valvu, yale yanayokwenda kwenye vinyunyizio, hayakuwa na presha, hivyo hata kama yametoboka hayangeweza kuvuja wakati ule. Zikabaki njia mbili: bomba kati ya pampu na kisanduku cha valvu, au valvu mojawapo inapitisha.

Valvu inayopitisha ni rahisi kuigundua. Nenda asubuhi kwenye kinyunyizio kilicho chini kabisa katika kila eneo. Kikiwa kinatoa chozi wakati taima haijawaka tangu juzi, valvu ya eneo hilo haifungi. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira kinachokalia kiti chake, na punje moja ya mchanga ikiingia katikati, kiwambo hakikai. Visima vyetu vya pwani hutoa mchanga mwingi. Fungua skrubu za kifuniko, osha kiwambo kwa maji safi, kitazame kwenye mwanga kama kimechanika, rudisha. Kazi ya nusu saa. Kisha weka chujio kabla ya valvu ili usiirudie mwezi ujao.

Hapa kuna jambo linalowapoteza hata mafundi. Kwenye bustani yenye mteremko, kinyunyizio cha chini hutiririsha maji kila mara taima inapozima, na watu huhukumu kwamba valvu imeharibika. Mara nyingi siyo. Ni maji yaliyobaki ndani ya bomba yanayoteremka kwa uzito wake na kutokea mlango wa chini kabisa. Mita 50 za bomba la robo tatu hubeba lita 17 hivi. Yakiisha, kutiririka kunakoma, lakini kesho yatamwagika tena na keshokutwa tena. Tofauti ni muda: mtiririko unaokoma baada ya dakika chache ni bomba linajimwaga; chozi lisilokoma ni valvu. Dawa ya hilo la kwanza ni kununua vinyunyizio vyenye kizuizi cha ndani, au kukifungia kile cha chini valvu ndogo ya njia moja kwenye mguu wake.

Kwangu vinyunyizio vyote vilikuwa vikavu. Basi ilikuwa bomba kuu, na bomba kuu lilipita kando ya ukuta wa mashariki.

Udongo wa Dar ni mchanga, na mchanga huficha. Kwenye mfinyanzi mvujo hutoa dimbwi na hata mtoto ataliona. Kwetu maji yanazama papo hapo, na bomba linaweza kumwaga mwaka mzima juu ya ardhi kukiwa kukavu. Itabidi usome majani. Tazama ukanda unaokua upesi kuliko wenzake kati ya kukata na kukata. Kanyaga kwa kisigino, usikilize kwa mguu mahali panapobonyea. Tafuta uyoga usiokuwa na sababu, au kichanga cheupe kilichooshwa na kusukumwa juu. Kiangazi ndio msimu wa kazi hii, kwa kuwa wakati wa masika bustani nzima ni kijani na ushahidi wote umefunikwa. Walioko Karen na sehemu nyingine za Nairobi zenye ule udongo mweusi wa mfinyanzi wana shida ya aina nyingine: udongo ule hutanuka ukilowa na kunywea ukikauka mpaka unapasuka, na katika kwenda na kurudi huko huvuta bomba na kuchomoa viungo. Wao wanahitaji kulaza bomba kwenye kitanda cha mchanga, kitu ambacho sisi tumepewa bure.

Fundi niliyemwita alikuwa mzee wa makamo, mtu wa maneno machache. Alikuja alfajiri kabla magari hayajaanza, na bisibisi ndefu mkononi. Alikuwa anaichomeka ardhini taratibu, anagusa bomba bila kulichoma, kisha anaweka mfupa wa nyuma ya sikio kwenye mpini. Nilimuuliza kwa nini hasikilizi kwenye koki tu kama wafanyavyo mafundi wa mabomba ya mji.

"Mabomba ya zamani ya mji ni chuma, kijana wangu. Chuma kinapiga kelele, utakisikia toka mbali. Plastiki inanong'ona. Lazima uisogelee."

Na ndivyo ilivyo: plastiki humeza sauti, na mvujo ambao kwenye chuma ungesikika mbali, kwenye bomba la plastiki hufifia baada ya hatua chache. Alisogea nusu mita, akasikiliza, akasogea tena. Katikati ya ukanda wa kijani alinipa mpini nami nisikie. Ulikuwa mvumo mwembamba, kama wa mafuta yanayoanza kupata moto kwenye kikaango.

Tulichimba pembeni ya bomba badala ya juu yake, kisha tukaendelea kwenda chini kuliko bomba lenyewe, ili maji ya matope yakusanyike shimoni na yasirudi ndani tutakapokata. Palikuwa na tii ya plastiki, na mtu alikuwa ameingiza ndani yake nipo ya shaba kwa ajili ya tawi ambalo halikuwahi kutumika. Tii ilikuwa imepasuka ufa mwembamba kama unywele, kuanzia kwenye mdomo wa uzi mpaka nusu ya mwili wake.

Inafaa tukae kidogo kwenye ufa huu, kwa sababu nimeuona tena mara nyingi tangu siku ile. Uzi wa bomba si mnyoofu. Umechongwa mwembamba mbele na mnene nyuma, kama kabari. Kadiri unavyokaza ndivyo unavyotanua kile kilichoupokea. Shaba ikiingia ndani ya plastiki, shaba haikubali kubonyea, hivyo plastiki ndiyo inayotanuka. Mwenye kuifunga alizungusha tredi tepu mizunguko mingi mno, na kila mzunguko ulinenepesha kabari. Akakaza kwa spana mpaka mkono ukakataa. Siku ile haikuvuja hata tone, akalipwa, akaondoka. Plastiki iliyokazwa hivyo hubaki ikivutwa kutoka ndani, na pampu ikiwaka na kuzima mara elfu, siku moja inakata tamaa. Kanuni ni kugeuza: plastiki iwe ndiyo inayoingia, chuma kiwe ndicho kinachopokea. Tredi tepu mizunguko mitatu hivi yatosha. Kaza kwa mkono mpaka mwisho, kisha ongeza mzunguko mmoja au mmoja na nusu kwa spana, uache.

Viungo vya gundi navyo vina adabu yake. Gundi ya bomba hainati kama gundi ya karatasi. Inayeyusha kidogo uso wa plastiki zote mbili mpaka zinakuwa kitu kimoja. Kwa hiyo vumbi, mafuta ya vidole na unyevu ni adui. Fundi yule alikata kwa msumeno, akaondoa makapi kwa kisu ndani na nje, akapiga msasa, akafuta kwa kitambaa kikavu, akapaka pande zote mbili, akasukuma huku akizungusha robo mzunguko, halafu akashika bila kuachia huku akihesabu kimya mpaka nusu dakika. Akaniambia nisifungulie maji mpaka kesho yake. Nilitaka kubishana, maana nyumba ilikuwa na watoto. Tukachota kwa ndoo kutoka tangini siku ile nzima.

Kesho yake usiku nilikesha kidogo. Pampu haikuwaka. Asubuhi mama mkwe akasema, "Leo mashine imelala," akaendelea kumenya viazi.

Kiungo kizuri peke yake hakitoshi endapo maji yenyewe yanapiga. Nikolai Joukowsky, mtaalamu wa Urusi, alifanya majaribio kwenye mabomba ya maji ya Moscow mwaka 1897 na 1898, akaonyesha kwamba maji yanayokimbia yakisimamishwa ghafla huzaa wimbi la presha linalokwenda na kurudi bombani. Hesabu yake bado ndiyo tunayotumia. Kwenye bomba la plastiki ambamo wimbi hilo husafiri mita 400 kwa sekunde, kusimamisha ghafla maji yanayokwenda mita 1.5 kwa sekunde huongeza karibu baa 6 juu ya zile zilizokuwepo. Ule mshindo unaousikia ukutani valvu inapofunga ndio huo, na kila mshindo ni spana nyingine kwenye kila tii yako. Tumia bomba pana kiasi kwamba maji hayazidi mwendo huo wa mita 1.5. Koki ya mkono ifunge polepole. Taima zinazofungua eneo la pili kabla ya kufunga la kwanza zina thamani kuliko urembo mwingine wowote unaouzwa nazo.

Presha ya kawaida nayo huzidi kwa watu wengi. Kinyunyizio cha kawaida cha kuchipuka kutoka ardhini kimetengenezwa kwa baa 2 hivi, na kile cha kuzunguka kwa baa 3. Ukiona ukungu unaopeperushwa na kaskazi badala ya matone yanayoanguka, umezidisha. Kupunguza presha kwa nusu hupunguza kila mvujo ulionao, hata usioujua, kwa karibu theluthi moja.

Vinyunyizio vyenyewe havina mengi. Mpira wa shingoni ukishika mchanga hauzibi, na huoshwa kwa kuinua shina na kuliachia mara kadhaa maji yakipita. Kile cha kupiga tak-tak-tak, ambacho Orton Englehart wa Glendora, California, alikipatia hataza mwaka 1935, huvuja kitakoni pale washa zake zinapolika. Vilivyo kando ya njia ya gari visiunganishwe kwa mguu mgumu. Tumia kipande cha bomba laini, ili tairi likipanda kichwa kiiname bila kuvunja elbo iliyo chini.

Ipo hasara nyingine, nayo hunisumbua kuliko lita zote nilizozitaja. Tundu linalotoa maji presha ikiwepo huvuta ndani presha ikiondoka. Mgao ukikata maji, au umeme ukikatika na maji yakateremka kutoka juu, bomba hunyonya, na kinachonyonywa ni tope la bustani, pamoja na mbolea na uchafu wa mbwa. Kama bustani imeungwa na bomba la jikoni, tope hilo lina njia ya kufika kwenye kikombe cha mtoto. Valvu ya njia moja kwenye mdomo wa bomba la bustani ni lazima. Nami ningekwenda mbali zaidi, ningeitolea bustani tundu lake kwenye tangi na pampu yake ndogo, isichangie kitu na nyumba.

Kabla ya kufukia, fundi alinituma nilete futi kamba na karatasi. Tulipima kila kiungo kutoka kwenye kona mbili za ukuta, tukaandika, nikapiga picha mtaro ukiwa wazi na futi imelala kando ya bomba. Karatasi hiyo iko ndani ya mlango wa kisanduku cha valvu, kwenye mfuko wa plastiki. Tii ya ukuta wa mashariki imewekewa alama ya msalaba: mita 4.2 kutoka kona ya geti, mita 9.6 kutoka kona ya jiko, kina sentimita 35.